Kompyuta Hailiwi

Mradi niliokuwa nikiufanyia kazi katika kambi ya wakimbizi ya Nduta ulipofungwa, nilirudi Kasulu, nilikokuwa nimepanga chumba, na begi moja na ujuzi wa kuchapa. Nilitamani kufungua ofisi ndogo ya uchapaji. Nikishindwa, ingebidi nipande basi nirudi kwetu Singida mikono mitupu. Kompyuta sikuwa nayo.

Kikundi chetu cha akina mama hununua maharage wakati wa mavuno na kuyaweka stoo mpaka bei ipande. Msimu ule mwenzetu mmoja, mwalimu, alikuja na jambo jipya. Alimsikia mchambuzi wa masoko kwenye simu akisema akili mnemba inameza chipu zote, hivyo kompyuta zitaadimika na kuwa ghali. Akataka tununue mbili, tuzifungie stoo kama maharage.

Weee! Kikao kikachemka. Muuguzi wetu akasema wachambuzi hutabiri leo, kesho wanajikana. Mwalimu akashikilia kwamba mahitaji hayashuki, dunia nzima inazitaka. Mimi nilitamani kuomba nipewe moja nichapie, nikaogopa.

Ndipo aliposimama mama mmoja wa kijiji cha Nyakitonto, muuza maharage, mbishi kuliko sisi sote.

"Maharage yakikosa bei tunapika. Hizo kompyuta zikikosa bei, tutazila?"

Watu walicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilishaanza kuwaza nauli ya Singida.

Alisubiri watulie, kisha akaninyooshea kidole.

"Ila huyu binti anajua kuzitumia. Za nini kukaa stoo? Zinunuliwe, apewe azifanyie kazi, kikundi kipate faida. Bei ipande, ishuke, shauri yake huyo mchambuzi."

Wote wakaafiki. Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema. Namshukuru mama yule mpaka leo.

Kama bei ilipanda au ilishuka, sikufuatilia. Nilikuwa na mitihani ya walimu ya kuchapa, na barua za vijana wanaoomba kazi. Siku nilipopeleka faida ya kwanza kikundini, kwa fungu langu nilipika maharage kwa mawese, nikamwita yule mama ofisini. Nikamnawisha mikono, nikamwekea sahani katikati ya mashine mbili.

"Karibu, mama. Ile kompyuta, leo tunaila."

Akaonja, akatafuna taratibu, akanitazama.

"Ego," akaitikia ndiyo kwa Kiha chake. "Ila imepungua chumvi."

Akamaliza sahani yote.