Firigisi ya Mgeni

Jumapili moja, mbele ya mzee wa kanisa na mkewe, baba yangu aliichukua firigisi ya kuku, akaiweka kwenye sahani yangu na kusema, "Mgeni ale kwanza." Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza. Nilikuwa nimelala katika nyumba ile usiku uliotangulia, na karibu kila usiku tangu niachishwe ziwa. Sijasikia tena habari za mtu aliyefukuzwa kwao kwa heshima kubwa namna hiyo.

Kwa msomaji ambaye kwao kuku huliwa ovyo, nieleze kidogo. Sisi watu wa magharibi, upande wa Kisumu, tunaweza kusameheana mengi, lakini firigisi haimo katika hayo. Kipande kile kidogo, kigumu, ambacho kuku hukitumia kusagia mahindi na vijiwe, ni mali ya mwenye nyumba. Mke hakigusi, mtoto hakiulizii. Mwenye nyumba akitaka anaweza kumwachia mgeni wa kuheshimiwa, kama vile mkwe aliyetoka mbali. Mwana wa kiume atakila siku atakapokuwa na nyumba yake na kuku wake. Baba akimpa mwanawe firigisi, mezani pake, anamwambia kwa adabu kwamba hamjui.

Tuliishi Nakuru, katika landhi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia na jiko dogo upande wa nyuma. Nje ya pazia palikuwa sebule, ndani ya pazia palikuwa siri. Mimi nililala jikoni, miguu ikielekea kwenye mafiga, na kwa kuwa mama aliweka masalio ya ugali karibu na kichwa changu, sikuwahi kutamani chumba kingine.

Kazi ya baba ilikuwa kugeuza njia za treni. Alisimama uwanjani akavuta mkono mrefu wa chuma, na treni nzima, pamoja na Wazungu waliokaa daraja la kwanza wakinywa chai, ikaenda alikoamua yeye. Jambo hilo lilimwingia kichwani na halikutoka. Nyumbani hakuwa na saa, alikuwa na treni. Chakula kililiwa baada ya treni ya Kisumu, na treni ya Kisumu ikichelewa tulikaa na njaa, kwa uaminifu. Mvua ikinyesha alitazama mbinguni kama anayetaka kujua nani ameiruhusu ipite.

Mpango wake juu yangu ulikuwa umekwisha kukamilika. Ningeanza kwa kusafisha injini, kisha niwe mtia makaa, kisha, Mungu akipenda na nyapara akikubali, niendeshe. Siku ya kunipeleka kwa nyapara alivaa koti la kanisani, jeusi, katikati ya juma, akaenda kunisubiri kwenye lango la karakana. Alisubiri. Nyapara alisubiri. Mimi wakati huo nilikuwa juu ya magunia ya mahindi, njia ya Subukia, upepo ukinipiga usoni, nimeajiriwa asubuhi ile ile na Mhindi mmoja mwenye duka na lori. Nilikuwa taniboi: kazi yangu ilikuwa kupakia, kupakua, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu lori linaposimama mlimani, na kupigiwa kelele na dereva.

Jioni baba alinikuta nanawa miguu.

"Umepata kazi?"

"Ndiyo, baba."

"Ya nini?"

"Ya lori."

Alilirudia neno hilo polepole, kama mtu aliyekuta unywele kwenye ugali. "Lori. Lori likiharibika njiani, nani analiokoa?"

"Fundi."

"Na gari la moshi likiharibika?"

"Fundi vilevile, baba."

"Gari la moshi haliharibiki," alisema. "Linachelewa."

Hapo ilinipasa ninyamaze. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na siku moja ya kazi, na mtu wa namna hiyo anajua kila kitu. Nikamwambia kwamba mahindi ya Subukia hayana reli, kwamba yakitoka shambani lazima yapande lori kwanza, na kwamba hata hiyo reli yenu ingekuwa inabeba hewa kama si magurudumu ya mpira.

"Reli yenu!" Alisimama. "Reli yenu? Umelala kwa reli, umesoma kwa reli, hiyo kaptura ni ya reli! Hata maziwa ya mama yako yalikuwa ya reli!"

"Maziwa yangu yaache, baba watoto," mama alisema kutoka jikoni, bila kuinua sauti.

Nilitarajia anifukuze. Nilikuwa nimeshafikiria hata rafiki gani nitakwenda kulala kwake. Ila baba alikuwa mtu wa kanisa, na watu wa kanisa hawafukuzi watoto, jirani angesikia. Alikaa, akafunga vifungo vya koti, na toka dakika ile akaanza kunikaribisha.

Asubuhi nilipokwenda kuchukua kikombe changu cha bati, ambacho ukingo wake ulikuwa umebanduka rangi mahali pangu pa kunywea, sikukiona. Mezani palikuwa na kikombe cha udongo chenye maua ya waridi. Kikombe hicho kilikaa rafuni kimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, na niliwahi kuchapwa kwa kukitazama kwa karibu mno.

"Mama, nipe changu."

"Baba yako amesema mgeni hanywi kwa bati."

Nilikunywa chai yangu kutoka kwenye yale mawaridi. Ilikuwa na sukari ya kutosha, jambo ambalo halikuwahi kunitokea katika nyumba ile. Jioni nilipotaka kuingia jikoni, baba, bila kuinua macho kutoka kwenye Biblia, akasema, "Mgeni haingii jikoni." Mkeka wangu ulikuwa umeletwa sebuleni. Nililala chini ya picha ya injini aliyoitundika baba ukutani, mbali na mafiga, mbali na ugali, nikisikiliza mama akisogeza sufuria upande wa pili wa ukuta.

Dada yangu, aliyenifuata kwa kuzaliwa, hajawahi kufurahi kama wiki ile.

"Karibu, mgeni," alinilaki mlangoni nikitoka kazini, mikono kifuani kama mke wa chifu. "Huko kwenu hamjambo? Mvua ipo?"

"Toka njiani."

"Wageni wa siku hizi hawana adabu. Na umetuletea nini?"

Nilikuwa nimeleta kabichi kutoka Bahati. Alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti nusu, akacheka hadi akaishika nguzo.

Maombi ndiyo yaliyonichoma. Baba alipenda kuombea watu kwa majina, mmoja mmoja, kama anayeita abiria. Sasa jina langu liliachwa. "Ee Bwana," alisema, "umlinde na huyu mgeni aliye kati yetu, na siku yake ikifika umfikishe kwao salama." Nilifumbua jicho moja nikatazama kuta, pazia, picha ya injini. Kwao kwenyewe ndipo hapa nilipopiga magoti.

Kisha akaja mkaguzi wa landhi. Katika miaka ile ya utawala wa Wazungu wakaguzi walipita mara nyingi, alfajiri, kuuliza nani analala wapi na kwa ruhusa ya nani, na mtu ambaye hakutajwa vizuri aliweza kujikuta amepanda gari asilolijua. Alisimama mlangoni akaninyooshea kidole.

"Na huyu?"

Niliona mama amelishika pazia. Baba alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinuka.

"Mgeni, bwana," alisema. "Yuko njiani."

Mkaguzi alinitazama kutoka nywele hadi vidole, kisha akamtazama baba, kisha akanitazama tena. Tuna pua moja, mimi na baba. Ni pua ambayo haihitaji cheti. Akatikisa kichwa akaenda zake. Nadhani naye kwake alikuwa na mambo ya namna hiyo.

Mchana ule, juu ya magunia, niliacha kuona mzaha. Mwisho wa mwaka baba angepata likizo, twende sote nyumbani magharibi, naye anionyeshe mahali pa kujenga nyumba yangu ndogo uani mwake, karibu na lango, upande wa mzaliwa wa kwanza. Kijana wa umri wangu asiye na mahali hapo hana anapoanzia: haoi na hapati neno katika mkutano wa ukoo. Na mgeni, hata umpe kikombe cha maua, haonyeshwi mahali pa kujenga. Kama mchezo huu ungeendelea hadi likizo, ningebaki na kazi ya lori na bila kwetu, na lori lenyewe lilikuwa la Mhindi.

Basi ndipo ikafika Jumapili ya kuku.

Mzee wa kanisa alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa kutembelea nyumba ambamo moshi unaonekana. Mkewe alikuwa mwembamba, na ulimi wake ulikuwa umechukua nafasi ya mwili. Walikaribishwa, wakanawa, ugali ukatua, bakuli la kuku likatua, na firigisi ilikuwa juu ya nyama zote, mama ameiweka pale panapostahili. Mzee wa kanisa aliiona. Akafunga macho kidogo kama anayeshukuru mapema.

Ndipo baba alipoiinua, akaipitisha mbele ya uso wa mzee wa kanisa, akaiweka kwangu. "Mgeni ale kwanza."

Baba alikuwa ameshughulika kunifanya mgeni kwa bidii hata akasahau kwamba leo alikuwa na mgeni wa kweli. Macho ya mzee wa kanisa yaliifuata firigisi hadi kwenye sahani yangu, yakabaki huko.

"Mgeni?" mzee wa kanisa akauliza kwa sauti ya taratibu. "Mgeni kutoka wapi, ndugu yangu?"

Baba akisema ni mwanawe, atakuwa amempa mtoto firigisi mbele ya mzee wa kanisa, na habari itafika magharibi kabla ya treni. Akisema ni mgeni, anamwambia uongo mtu aliyenishika kichwa nikibatizwa.

"Ametoka Subukia," alisema.

"Ah, Subukia," mke wa mzee akadakia. "Huko ni mbali sana, eh? Mtu akienda na lori anarudi na ukoo mwingine?"

Dada yangu alikimbilia jikoni, na tukamsikia akijifanya anakohoa.

Sahani ilikuwa mbele yangu. Nikiila, nimetia sahihi kwa meno: mimi ni mgeni. Nikimrudishia baba mkononi, nimekataa chakula chake mbele ya watu. Nikimpa mzee wa kanisa, nimegawa mali isiyo yangu. Niliichukua kwa vidole viwili nikairudisha katikati ya bakuli, mahali ilipotoka.

"Baba," nilisema, "mimi nangojea uanze."

Hakuanza. Tulikula kuku mzima tukizunguka firigisi ile kama watu wanaozunguka nyoka. Miguu ikaisha, mabawa yakaisha, shingo ikaisha. Ilibaki yenyewe kwenye mchuzi, ikipoa. Mzee wa kanisa akasema tuombe. Akaomba kwa muda mrefu, nadhani akiiaga. Aliposema amina tukafumbua macho, na bakuli lilikuwa na mchuzi tu.

Hakuna aliyetafuna. Hakuna aliyeuliza. Mzee wa kanisa alikuwa anaomba, na mdomo wake tuliusikia. Mkewe alipangusa midomo kwa leso, lakini alikuwa mtu wa kupangusa midomo. Baba alipitisha mkono kwenye masharubu, jambo alilofanya kila siku. Dada na mama walikuwa jikoni. Wote wawili wameapa mbele yangu, kwa nyakati tofauti, na kila mmoja akamtaja mwenzake. Kama ni baba, basi alijirudishia kiti chake, nami nikawa mwanawe tena. Ndiyo maana nilitaka kujua.

Asubuhi iliyofuata mezani palikuwa na vikombe viwili, cha maua na cha bati. Baba alikuwa ameshaenda kazini. Nilikunywa kwa bati, na hakuna aliyenikataza, kwa kuwa wa kukataza hakuwepo.

Likizo ilipokaribia nilimfuata katika uwanja wa reli, lori likiwa linapakuliwa karibu. Alikuwa ameshika ule mkono wa chuma.

"Baba, ile firigisi. Ni wewe?"

"Mgeni haulizi habari za jikoni," alisema, akauvuta mkono kwa nguvu. Treni ya Kisumu ilikuwa inaingia, na alikuwa amenipa mgongo, kwa hiyo sikuona kama anacheka.

Alikwenda magharibi na mama. Hakuniambia nije, hakuniambia nisije, na Mhindi hakunipa ruhusa. Waliporudi aliketi, akavua kofia, akasema kama anayezungumza na picha ya injini, "Nimeweka mawe, karibu na lango."

"Mawe ya nini, baba?"

"Ya kujenga."

"Kujenga nyumba ya nani?"

"Hilo lori lenu," akauliza, "linaweza kufika kule?"

"Linafika."

"Basi siku moja utayaona."

Nilimfuata mama jikoni, ambako sasa hakuna aliyenizuia. Alisema ni kweli, mawe yapo, pembe zote zimewekwa, upande wa mzaliwa wa kwanza. Ila yamekaribiana, akaonyesha kwa mikono, hivi tu, na siku ile ile baba alikuwa amelalamika kwamba kuku hawana banda.

Niliyaona mwenyewe baadaye. Mtu mmoja anaweza kulala humo, akikunja miguu. Kuku wangetosha vizuri. Baba hakuwahi kusema ni ya nani, na hakuna kilichojengwa juu yake mpaka leo.