Simu za Meli Katika Ghorofa ya Tatu

Duka la baba lilinuka kamba za katani, rangi ya mashua na mafuta mazito ya mashine, na mpaka leo nikipita mahali penye harufu hiyo miguu hupunguza mwendo yenyewe. Lilikuwa chini ya jengo la ghorofa tatu, nyuma ya soko la Kariakoo, nasi tuliishi juu kabisa. Baba aliuza vifaa vya vyombo vya majini: kapi, nanga ndogo, maboya, misumari ya shaba. Nilikuwa darasa la tatu, shule zimefungwa, na shangazi Mwanaidi, mdogo wake baba, alikuwa amehamia kwetu akiwa na ujauzito mkubwa kwa sababu mumewe, baharia, alikuwa safarini. Mama alishinda Mchikichini akiuza mitumba, kwa hiyo mchana shangazi alibaki juu peke yake, na daktari alikuwa amemkataza ngazi. Simu za mkononi siku hizo walikuwa nazo wachache, na sisi hatukuwa miongoni mwao.

Wasiwasi huo ndio uliomfanya baba arudi siku moja kutoka bandarini na simu mbili nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa, zilizong'olewa kwenye meli iliyokuwa inakatwa kuwa chuma chakavu. Hazikuwa na mahali pa kupigia namba. Aliziunganisha kwa waya mrefu, moja ukutani nyuma ya kaunta, nyingine kando ya kitanda cha shangazi. Nikamuuliza betri inakaa wapi. "Haina betri wala haitaki umeme," akasema, akifurahia mshangao wangu. "Sauti yako inatikisa kibati chembamba humu ndani, na mtikisiko huo ndio unaozaa umeme wa kuifikisha upande wa pili. Meli ikizimika yote, nahodha bado anaongea na watu wa injini." Kwa kuwa hazikuwa na kengele, ukitaka kuita ulibonyeza kitufe ukapiga mluzi. Mama alinung'unika kwamba mwanamke kupiga mluzi ni aibu, lakini shangazi aliupiga vizuri kuliko wanaume wote wa mtaa, na tangu hapo mchana wake haukuwa mrefu tena. Aliagiza maembe mabichi ya chumvi na pilipili, akauliza, "Haya mtangazaji, mtaa una nini leo?" nami nikamsimulia nani kagombana na mchukuzi na mkokoteni wa nani umepinduka na nyanya zake.

Siku yenyewe umeme ulikatika kabla ya adhuhuri. Majenereta yakawashwa barabara nzima, yakanguruma kiasi kwamba wateja walioneshana bei kwa vidole. Baba alikwenda msikitini kuswali, akaniachia duka. Ndipo niliposikia mluzi mwembamba ukutani. Nikaweka simu sikioni.

"Zuhura, chupa imepasuka."

"Usikanyage vioo, shangazi," nikamjibu. "Nakuja kufagia."

Nikasikia kicheko kilichogeuka kilio katikati. "Si chupa ya chai, mwanangu! Mtoto anakuja! Mwite Bi Mgeni, haraka!"

Bi Mgeni alikuwa mkunga mstaafu aliyeuza kanga duka la pili kutoka letu. Nilikimbia nikamvuta mkono bila hata kumwamkia, naye hakuuliza; aliona uso wangu tu, akachomoa kanga mpya kwenye rafu akapanda ngazi akihema. Mchukuzi mmoja alikwenda kumtafuta baba, mwingine teksi. Mimi nilirudi kwenye simu, na sauti ya Bi Mgeni ikaanza kuteremka: maji ya moto, wembe mpya, uzi, mtu wa kusafisha njia teksi ipite. Kila alichosema nilikipaza barabarani, na watu wazima ambao kila siku walinifukuza nisichezee bidhaa zao walikimbia kutekeleza. Muuza chai alipanda na birika lake zima.

Baba alifika jasho likimtoka, kofia mkononi. Teksi ilikuwa bado imekwama kwenye mikokoteni. Aliweka mguu kwenye ngazi, na hapo hapo simu ikalia kwa sauti ambayo haikuwa mluzi. Nikampa. Aliiweka sikioni, akaziba sikio jingine kwa kiganja, na polepole uso wake ukafunguka. "Analia," akasema. "Jamani, analia!" Wachukuzi wakapiga makofi. Baba hakuiachia simu ile mpaka Bi Mgeni alipomwambia ni mvulana, mama yake mzima, na kanga yake asimrudishie.

Mtoto yule, Faraji, sasa ana watoto wawili wanaomwita baba, na jengo letu limevunjwa, pamesimama ghorofa refu lenye lifti. Nina simu inayonionesha nyuso za watu walio ng'ambo ya bahari, nami siichukii. Ndiyo iliyonionesha mjukuu wa kwanza wa shangazi. Jioni moja binti yangu alinihurumia kwamba simu yetu ya zamani haikuwa na picha. Nikamweleza kwamba ilifika ghorofa ya tatu tu, na upande wa pili alikuwepo mtu mmoja tu. Akafikiri kidogo, akauliza, "Kwa hiyo ikiita, ulikuwa unajua ni yeye?" Nikamwambia ndiyo, kila mara, na kila mara nilikimbia kuipokea.