Sista Aliyerudisha Karatasi Tupu

Alizaliwa tarehe 11 Machi 1919, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, kati ya makarai mawili na kamba ya nguo iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Mama yake hakuliona jua la siku ya pili. Baba yake, ndiye huyo dobi, mtu mwenye vidole vilivyochubuliwa na magadi na ulimi usiokosa utani, alimlea peke yake. Alimlaza juu ya lundo la mashuka ya watu yaliyokwisha kupigwa pasi, na wateja waliponung'unika aliwajibu, "Mtoto huyu ni msafi kuliko ninyi." Kabla ya kutimiza miaka kumi, binti alijua kusuuza bila kubakiza povu, kukamua bila kuchana uzi, na kuitambua damu kavu gizani kwa kuipapasa tu.

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipopeleka vitambaa vya altare kanisani akamkuta padri mgeni akisimulia habari za watu wa ng'ambo ya milima, wanaougua na kufa bila wa kuwafumba macho. Tangu siku hiyo milima ile haikumtoka moyoni. Aliomba kupokelewa na masista wa hospitali, akapokelewa. Asubuhi ya kuondoka alimwuliza baba yake, "Baba, nitajuaje Mungu ananitaka wapi?" Dobi alikuwa anapuliza makaa ya pasi, wala hakuinua kichwa. "Mimi namjua Mungu wa sabuni tu, mama. Huyo wa safari utamwuliza mwenyewe." Kisha akageukia ukutani ili asionekane analia.

Katika nyumba ile ya masista palikuwa na desturi moja. Kila mwaka, siku ya kuamkia kurudia nadhiri, kila sista alipewa kipande cha karatasi aandike jina la mahali pamoja ambapo, baada ya sala, aliona Mungu anamtuma. Karatasi ziliwekwa chini ya kitambaa cha altare, na kesho yake Mama Mkuu alizisoma na kuwapanga. Binti wa dobi alishika karatasi yake ya kwanza mwaka 1940. Aliitaka milima kupita kiasi, akaogopa kwamba sauti aliyoisikia ni tamaa yake mwenyewe. Kuandika mahali pengine palipomjia kichwani kungekuwa uongo. Aliamini kwamba akikosea mahali, maisha yake yote yatakuwa yamepotea. Basi hakuandika kitu, akidhani huo ndio utii wenyewe.

Mama Mkuu alimwita ofisini akaiweka karatasi mezani kati yao. "Karatasi tupu si utii, binti yangu. Mungu alikupa macho na akili, nawe umemrudishia vikiwa vimefungwa kama vilivyokuja. Nenda wodi ya kifua kikuu ukafue, mpaka utakapojua kuandika."

Akaenda. Wodi ile ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda ishirini na madirisha yasiyofungwa, na nyuma yake banda la kufulia lenye sakafu ya saruji iliyopasuka. Alifua mashuka yenye damu na makohozi mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka akaomba ishara, na kila mwaka akarudisha karatasi bila neno. Sanduku lake lilikaa chini ya kitanda, limefungwa kamba, tayari kwa safari. Wagonjwa walizipata habari hizo, wakamwita Sista Karatasi. Aliyemchokoza zaidi ni fundi seremala wa kitanda cha dirishani.

"Sista Karatasi, umeandika?"

"Bado, fundi."

"Basi andika kwangu. Nafasi ipo. Jirani yangu amehama tangu juzi, na hakusema atarudi."

Alicheka pamoja naye, kisha akaenda bandani kulia. Mbingu, kwake, zilikuwa zimenyamaza kabisa.

Mwaka 1952 ugonjwa uliwaangusha masista watatu na daktari mmoja. Baraza la masista likaamua kuwaondoa masista wodini, isipokuwa yule ambaye angeiandika wodi kwa mkono wake. Wakati huo huo nyumba mpya ilikuwa inafunguliwa ng'ambo ya milima. Siku ya karatasi ilipofika, Sista Karatasi alikuwa anapita na beseni lake adhuhuri, seremala akamwomba maji na kugeuzwa upande. "Nakuja sasa hivi, fundi," alisema. Akaingia kikanisani na karatasi yake, akapiga magoti mbele ya altare, akamsihi Mungu amwambie, mara hii tu. Alikaa humo muda wa saa tatu. Hakuambiwa kitu.

Aliporudi, seremala alikuwa amekufa. Mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea kikombe kitupu kilichokuwa juu ya stuli.

Alimfumba macho, akamwosha, akalipeleka shuka lake bandani. Akiwa ameinama juu ya karai alimwita Mungu mara moja tena, na Mungu akanyamaza kama miaka yote kumi na miwili. Nyuma ya ukuta alisikia wakikohoa, watu kumi na watatu waliobaki. Akalikamua shuka, akalianika. Akajifuta mikono kwenye aproni na kuandika neno moja: Hapa.

Kesho yake Mama Mkuu, aliyekuwa mzee sasa, aliisoma mara mbili. "Hatimaye umeisikia sauti?"

"Hapana, Mama. Nilichelewa kupeleka maji."

Alilifungua sanduku, akachana nguo zake za safari kuwa vitambaa vya wagonjwa, na milima hakuiona kamwe. Alihudumu wodini miaka miwili peke yake, hadi kifua kilipompata. Alifariki tarehe 2 Juni 1954, katika kitanda cha dirishani. Sista mdogo aliyemwuguza alimwuliza kama sasa ana hakika kwamba hapa ndipo Mungu alipomtaka. Akajibu, "Sijui, mdogo wangu. Naomba tu fundi anisamehe." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja wa wodi ile, mke wa mwoka mikate, aliyekuwa hajasimama kwa miezi saba, aliomba alifue yeye shuka la marehemu. Walimkatalia, akashuka kitandani akalifua. Aliishi miaka thelathini zaidi, na muda wote huo alifanya kazi katika banda lile.

Desturi ya karatasi ingali hai katika nyumba ile, lakini hakuna sista anayepewa yake kabla ya kuzunguka wodini na jagi la maji. Nawe unayeomba uonyeshwe mahali pa kumtumikia Mungu, usiache kuomba. Ila kabla ya kupiga magoti, sikiliza kwanza kama kuna mtu chumba cha pili, uliyemwambia unakuja sasa hivi.