Maneno Aliyoyasema Kheri Dukani

Kheri Boga wa Bongwe aliendesha pikipiki za watu kwa miaka mingi kabla hajapata yake. Asubuhi aliichukua kwa mwenyewe, kutwa akabeba abiria kati ya Ukunda na mahoteli ya Diani, jioni akairudisha na kwenda nyumbani kwa miguu. Alikuwa mtu mpole wa maneno machache. Abiria wake wengi walikuwa wapishi na wahudumu wa hoteli, na walimpenda kwa sababu hakimbizi chombo ovyo wala hana tabia ya kujibizana na mtu. Ndiyo maana lililotokea baadaye liliwashangaza wengi, na yeye mwenyewe kuliko wote.

Aliyemshawishi anunue pikipiki mpya alikuwa jirani yake Gilbert, mtu wa Kakamega, aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwake pamoja na mkewe Claire na watoto wao. Gilbert alifanya kazi katika duka la pikipiki pale Ukunda. Hakuwa fundi. Yeye alikaa mezani kwa mbele, akampokea mteja, akasikiliza malalamiko yake, kisha akakipeleka chombo kwa mafundi nyuma.

"Mzee Kheri, chukua mpya," alimwambia. "Ukiwa na waranti huna presha. Ikiharibika, kampuni inatengeneza. Na mimi niko pale, nitakuangalizia."

Siku pikipiki ilipofika nyumbani, Yusra, mkewe Kheri, alipika mahamri na chai. Maalim akasoma dua. Claire alikuja na wanawe, nao wakapandishwa mmoja mmoja wakazungushwa uwanjani, na Kheri, ambaye si mtu wa kucheka sana, siku hiyo alicheka.

Matata yalianza baada ya sevisi ya kwanza. Pikipiki ilikwenda dukani ikiwa nzima, ikarudi inadondosha oili. Mnyororo nao ulikuwa umelegea hadi unapiga kelele kwenye matuta. Kheri akarudi dukani. Gilbert akamsikiliza, akaenda nyuma kuongea na mafundi, akarudi akijikuna kichwa.

"Wanasema injini bado mpya, oili kidogo ni kawaida."

"Kawaida vipi, Gilbert? Ilipotoka kiwandani haikuvuja."

"Najua, mzee. Niachie. Nitawasukuma."

Akaiacha. Ilikaa huko siku nyingi, naye akabaki kukaa barazani huku abiria wake wakimtafuta mtu mwingine. Iliporudi haikuvuja kwa muda, kisha ikaanza tena. Yusra alimwambia aipeleke kwa fundi wa mtaani ailegeze tu ile boliti ya chini ya injini aone kuna nini. Kheri akakataa. Alikuwa ameambiwa wazi kwamba fundi wa nje akiigusa tu, waranti imekufa. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa akichungulia oili, akiongeza, na kumwomba Mungu.

Jioni wakikutana njiani Gilbert alikuwa akiinamisha macho. Zamani walikuwa wakisimama kuzungumza habari za mpira na watoto. Sasa ikawa "Shikamoo mzee" na "Marahaba", kila mtu na njia yake. Kheri aliyaona yale macho yaliyoinama, akayasoma kama ya mtu mwenye hatia.

Siku moja alikuwa akimpeleka dada yake mkubwa, Twaiba, kliniki ya sukari katika hospitali ya Msambweni. Walipokaribia Gazi, injini ilikata ghafla na gurudumu la nyuma likajifunga. Pikipiki ikaserereka hadi nje ya lami, wakaanguka kwenye majani. Kheri aliinuka akiwa na mikwaruzo tu. Twaiba alikuwa amelala ubavu, buibui limechanika, ameshika bega na kurudia, "Yallah, yallah, mkono wangu." Wasamaria wema walisimamisha gari wakampeleka hospitali. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika.

Kheri alimwacha dada yake wodini na mwanawe, akapakia pikipiki kwenye pikapu, akaenda nayo moja kwa moja Ukunda. Waendesha pikipiki wenzake wa stejini walikwishapata habari. Walimfuata dukani, na mmoja wao akatoa simu akaanza kurekodi.

Gilbert alikuwa mezani. Alipoona chombo kinashushwa alisimama.

"Mzee Kheri, pole. Nini imetokea? Uko sawa?"

"Usiniulize kama niko sawa!" Kheri alipaza sauti ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia. "Dada yangu yuko hospitali, amevunjika. Wewe ndiye uliyeniuzia kifo hiki!"

"Mzee, tafadhali. Twende tuongee kando."

"Tuongee nini? Nyinyi watu wa bara ndivyo mlivyo! Mmekuja pwani kutuibia. Unakula kwangu, wanao wanalala kwangu, kumbe mwizi tu wewe! Rudi kwenu!"

Watu wakashangilia. Meneja wa duka alichungulia kupitia mlango wa kioo, kisha akaurudisha taratibu. Gilbert alibaki amesimama, mikono juu ya meza.

Kabla ya magharibi video ile ilikuwa imesambaa kwenye simu za nusu ya Ukunda. Ilifika hata makao makuu ya kampuni kule Nairobi, nayo kampuni ikamtuma fundi wake, Samuel, ambaye aliifungua injini Kheri akiwa amesimama pembeni. Kwenye sevisi ya kwanza boliti ya kumwagia oili ilikuwa imekazwa vibaya hadi meno yake yakalika. Iliporudishwa inavuja, badala ya kubadilisha kifaa, mafundi wakaipaka gundi. Gundi iliachia njiani, oili ikamwagika yote, injini ikakauka.

"Utawekewa injini mpya," Samuel alisema. "Hii ni makosa yetu." Akajipangusa mikono, akaongeza, "Na umshukuru yule jamaa wa hapa mezani. Alikuwa anatupigia simu kila mara kuhusu pikipiki yako. Meneja alimkataza, lakini alikuwa anapiga tu kwa simu yake. Sisi ndio tulichelewa."

"Jamaa yupi?"

"Gilbert. Si walimfuta kazi juzi? Walisema amechafua jina la duka."

Kheri alikwenda kwa meneja akamwomba amrudishe Gilbert kazini. Meneja, ambaye sasa alikuwa na tabasamu pana, alimwambia hayo ni mambo ya ndani ya kampuni, yeye afurahie injini yake.

Nyumbani alimkuta Yusra amekaa kwenye kibao cha mbuzi, nazi haijakunwa.

"Wamehama," alisema. "Claire alikuja kurudisha sufuria zangu. Hata kukaa hakutaka. Nilimwambia, mwanangu, subiri baba Mwanarusi aje. Akasema gari linawasubiri."

"Hakusema kitu?"

"Alisema mtoto wake mkubwa amemuuliza, mama, kwani sisi ni wezi?"

Kheri aliketi kizingitini. Mwanarusi, binti yao, alimletea maji, akayashika bila kuyanywa. Baadaye akajaribu kumpigia Gilbert, simu haikupatikana. Akawaomba wenzake wa stejini waifute ile video. Wengine waliifuta mbele yake. Wengine walicheka wakasema imekwisha kwenda mbali, nani ataikusanya?

Gilbert alipokea simu baada ya wiki kadhaa. Alikuwa Kakamega kwa wazazi wake, anamsaidia kakake kuuza mbao.

"Gilbert, mdogo wangu, nimekukosea," Kheri alisema. "Nilikuita jina ambalo si lako. Samuel amenieleza yote. Nisamehe."

Gilbert alimwambia kakake amsubiri, akasogea kando.

"Nimekusamehe, mzee. Ulikuwa na uchungu, naelewa. Hata mimi ningekuambia mapema kwamba meneja hataki nipige simu Nairobi, lakini niliogopa kupoteza kazi." Akashusha sauti. "Lakini Claire hataki kusikia habari ya pwani. Sitamlazimisha."

"Siku moja mje tu kutembea. Nyumba ni yenu."

"Mungu akipenda. Dada yako bega lilipona?"

"Linapona. Hawezi bado kuinua mkono vizuri."

"Mwambie pole sana."

Pikipiki sasa inakwenda vizuri, haijamsumbua tena, na wapishi wa Diani wamerudi kumpigia simu. Krismasi iliyopita Kheri alimtumia Gilbert salamu ndefu, akiitaja familia yote kwa majina, hata wale wadogo. Alikaa na simu mkononi pale stejini akaacha abiria wawili wapite. Jibu lilikuja siku ya pili. Lilikuwa neno moja tu: Asante.