Lango la Mji wa Mwami

Juzi nilikuwa nakata matawi ya mti unaoegemea ukuta wangu, utomvu mweupe ukanidondokea mkononi. Harufu yake mbichi ikanirudisha miaka ya hamsini, siku ile tulipokuwa watalii. Ndiyo, watalii! Papa alikuwa dereva wa hoteli moja hapa Goma, kazi yake kuwatembeza Wazungu, na Jumapili hiyo aliruhusiwa kulichukua gari. Akatangaza kwamba leo ni zamu yetu.

Tulikwenda kuona mji wa kale wa mwami, mfalme wa kwetu, juu ya kilima karibu na Rutshuru. Ndiko alikozaliwa bibi yangu, tuliyemwita Tate. Mama yake alikuwa akitunza maziwa ya mwami. Tate aliolewa mbali akiwa msichana, wala hakuwahi kurudi. Habari za kufa kwa wazazi wake zilimfikia huko huko, na miaka yote aliomba apelekwe akawasalimu watu wa kwao.

Mimi kichwani nilikuwa na kuta za Yeriko, zile za picha ya katekisimu. Tangu tulipopita njiani kwenye baridi ya Kibumba niliwaza mawe na minara tu. Tulipofika, niliona miti. Kumbe ukuta wa mji ule ulikuwa wa matete, yaliyoshikiliwa na nguzo za miti mibichi. Mwami alipohamia kando ya barabara kuu, matete yakaoza, lakini nguzo zikashika mizizi, zikawa miti mikubwa ya utomvu mweupe iliyozunguka uwanja wa majani. Nilinuna. Nimevalishwa viatu kwa ajili ya hili?

Nikawa naingia na kutoka penye pengo lolote. Tate hakuingia. Alisimama kati ya miti miwili mipana, palipokuwa lango, akatengeneza kitenge chake, akakohoa, akangoja.

“Mama, ingia tu,” Papa akasema. “Humu hamuna mutu.”

“Mwanamuke mwenye aliolewa haingiake kwabo bila kuitwa,” Tate akajibu. “Miye niko mugeni.”

Jua likapanda. Papa akajaribu kumshika mkono, Tate akautoa. Uso ulianza kumwanguka, nikaona tutarudi Goma bila yeye kukanyaga ndani. Nilimhurumia sana. Na niseme kweli, kikapu cha viazi vyetu kilikuwa kichwani kwake, na njaa ilikuwa inaniuma. Nikasimama mbele yake, upande wa ndani, nikaita kwa sauti ya mama mwenye nyumba:

“Tate, karibu! Ingia!”

Akaingia polepole. Alipofika katikati ya uwanja akasimama, akauliza, “Muko bazima humu?”

“Tuko bazima, Tate,” nikajibu upesi, kama mtoto yeyote aliyefunzwa adabu.

Akaketi kwenye majani, akalia kidogo, akajifuta, halafu tukala. Hakuomba tena kupelekwa huko.

Nilikuwa mtu mzima, Tate nimeshamzika, nilipoelewa swali lile lilikuwa la nani. Alikuwa anamwuliza mama yake, na baba yake, na wote aliowaacha mle ndani siku ya harusi. Mtoto mwenye njaa akajibu kwa niaba yao kwamba ni wazima, naye akaridhika.