Tabaka la Juu Kabisa

Kiangazi kimoja katika miaka ya hamsini nilikuwa karani na mkalimani wa Mzungu mmoja, mtaalamu wa mawe, aliyekuja Mbeya kuichunguza chemchemi ya maji moto upande wa Songwe. Watu walidhani anatafuta dhahabu. Waliposikia kwamba anatafuta joto, wakamhurumia.

Maji ya chemchemi ile yana chokaa. Yanapotiririka huacha utando mweupe, nao huganda kuwa jiwe, tabaka juu ya tabaka. Bwana alinieleza, nami nikawafasiria waulizaji, kwamba ndani ya maji mna oksijeni nyepesi na oksijeni nzito, nazo haziozi wala hazigeuki hata ipite miaka mingapi. Jiwe linapoganda huchukua zote mbili, na kiasi cha ile nzito hutegemea maji yenyewe na joto lake. Basi ukilipima jiwe utapata habari za maji yaliyokauka kabla babu zetu hawajazaliwa. Wajukuu wangu siku hizi huziita isotopu. Wakati ule mzee mmoja wa Kisafwa alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na haya ya leo, kwani hawezi kutia mkono?"

Ya leo Bwana alikuwa ameshayapima kwa kipimajoto. Ndiyo sababu tabaka la juu kabisa, lililoganda msimu uleule, lilikuwa muhimu kuliko yote: kwa kuwa maji yake tuliyajua, lenyewe ndilo lingetufundisha kuyasoma mengine. Lilikuwa laini kama chaki, likatuvunjikia tulipolibandua. Nilifunga kila tabaka katika karatasi yake, nikapanga sandukuni, la chini chini na la juu juu.

Bwana akatangulia Iringa kwa gari lake dogo, sanduku likafuata kwa lori. Dereva alikuwa mwenyeji wa Iringa, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Ahadi ilikuwa hivi: sanduku likifika salama, atabeba mawe ya Bwana msimu mzima, Mbeya na Iringa tu. Lisipofika salama, tajiri wake atampeleka Rodesia ya Kaskazini, safari za miezi. Na mkewe alikuwa na mimba ya tatu. Watoto wawili wa kwanza walizaliwa baba yuko safarini. Wa pili baba alimkuta ameshaanza kukaa mwenyewe, na alipotaka kumbeba, mtoto alipiga mayowe kama aliyeona mwizi.

Mkewe huyo alikuwa Mbeya kwa dada yake, akawa anarudi nasi. Mwenye mimba hapandishwi juu ya magunia huku mwanamume mzima amekaa mbele. Hilo halikuhitaji baraza. Nikapanda nyuma juu ya viazi, nikamwachia kiti, na sanduku miguuni pake.

Igawa tulisimama kupoza injini. Nilimwona mke wa dereva dirishani akiongea na mwuza ndizi mmoja, mjamzito kama yeye. Walikuwa wakicheka na kutafuna kitu. Sikujali. Wajawazito wana yao.

Nyololo, baridi ikituuma, nilishuka nikalitazama sanduku. Karatasi ya juu ilikuwa imekunjwa vizuri mno. Ndani yake mlikuwa na unga kidogo tu.

"Shemeji," nikasema, "hapa palikuwa na jiwe."

"Palikuwa na udongo," akajibu. "Umefungwa kwenye karatasi kama wa sokoni, tena huu una chumvi! Wa Iringa hauoni ndani. Nikajua umemnunulia mkeo, nikasema shemeji hatanuna."

"Umekula wote?"

"Na yule mwenzangu wa Igawa je? Nitafune peke yangu, mate yanamtoka?"

Dereva akaegemea gurudumu. "Mama watoto, umekula kazi yangu."

"Si ungesema kwamba ni kazi? Mimi nimeona udongo."

Kando ya barabara palikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa. Dereva akayatazama kwa muda. "Karani, chokaa si chokaa tu? Tukwangue pale. Nani atajua?"

"Jiwe litajua. Litasema limetoka kwenye maji mengine, na Bwana atayasoma yote kombo."

"Basi jiwe hilo lina mdomo kuliko mke wangu!"

"Acheni," mkewe akasema. "Aliyekula ni mimi. Nitamwambia mwenyewe."

Kutoka Nyololo nilisikia kelele za dereva zikitoka dirishani njia nzima, hata milimani lori lilipolia kuliko yeye.

Iringa tulimkuta Bwana barazani. Mwanamke akasalimu, akaketi kwenye ngazi, akapumua. "Bwana, jiwe lako la juu nimelila."

Bwana akageuka mwekundu shingo nzima. "Yote?"

Mwanamke akafungua pindo la kanga taratibu. Mlikuwa na kipande kidogo kama punje ya kunde. "Hiki nilikiweka kwa siku ya uchungu."

Bwana akanyoosha mkono. Mwanamke akafumba ngumi.

"Karani, mwulize anahitaji kiasi gani."

Nikauliza. "Anasema hata kama ukucha kinatosha."

"Basi ana bahati. Mwambie dereva hana kosa. Sanduku halikutikisika, aliyelifungua ni abiria. Akipewa kazi, nampa Bwana hiki. Akipelekwa Rodesia, nakimaliza sasa hivi." Akakiweka mbele ya meno.

Sikupata nafasi ya kufasiri. "Hapana! Hapana, mama!" Bwana akapiga kelele. "Dereva kazi anapata! Msimu yote anapata!" Halafu, kwa sauti ya chini, "Lakini mama hapana panda tena na mawe."

"Sipandi. Na nusu, je, haitoshi?"

"Mpe!" tukasema mimi na mumewe kwa pamoja.

Akampa, akakitazama kikiingia kwenye kichupa kama mtu anayesindikiza mgeni.

Mtoto alizaliwa msimu ule haujaisha. Nilipokwenda kutoa pongezi nilimkuta dereva ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa jirani. Wanawake walikuwa wamemfukuza chumbani, kisha barazani, kisha uani, kwa kuuliza maswali mengi.

"Nimemsikia akilia," akaniambia. "Karani, nimemsikia mimi mwenyewe. Sikuletewa habari."