Majembe Yaliyoegemezwa Ukutani

Mvua ya kwanza ikipiga udongo mkavu, ile harufu inayopanda hunirudisha kijijini kwetu Kihesa, kwenye ukuta wa nyumba yetu. Wengine huwakumbusha kupanda mahindi. Mimi hunikumbusha picha, na hunitia huzuni hata leo nikiwa bibi mwenye wajukuu.

Miaka ile ya hamsini, kusiliba nyumba ilikuwa kazi ya wanawake. Masika yakiisha, mama alichota udongo mweupe bondeni, akapaka ukuta mpaka ukang'aa, na chini akazungushia mkanda mwekundu. Mwanamume aliyeshika udongo ule angechekwa mpaka kilabuni. Ndiyo maana majirani walisimama njiani siku walipomwona baba mdogo, mikono imejaa udongo na masizi ya chungu, akichora ukutani kwetu.

Baba mdogo alikuwa amepigana Burma katika vita vya Wazungu. Angekusimulia habari za mvua na ng'ombe mpaka usinzie, lakini Burma hakuigusa. Wiki ile walikuwa wamefika mjini watu wa kuandikisha askari wa kwenda kupigana Kenya, na kaka yangu Vitalis, kifungua mimba wa mama, alikuwa amesema atakwenda. Nadhani viatu vya jeshi tu vilitosha kumtoa nyumbani, maana hakuwa amewahi kuvaa viatu maishani mwake.

Baba mdogo alichora majembe mengi yameegemezwa ukutani, wala hapakuwa na mkono ulioyashika. Mbele ya majembe hayo mwanamke ameketi kando ya chungu kikubwa, mwiko umelala mapajani. Shamba la nyuma alilipaka masizi matupu. Bunduki haikuwamo, wala damu. Nilimwuliza mbona yule mama hapakui. "Anasubiri walaji," akanijibu. Nikamwonea wivu yule mama, chakula chote kile chake peke yake.

Vitalis alipoiona alipiga makofi. "Jamani, mwoneni baba mdogo! Kanichora mimi hapo. Jembe tumeacha, sisi askari hatulimi tena!"

Watu wakacheka, wakamsifu mchoraji. Sisi Wahehe tumelelewa kwa sifa za mashujaa, na picha ya mambo ya vita hatukujua kuisoma vinginevyo. Baba mdogo aliwageuzia mgongo, akaenda kunawa mikono. Mama ndiye aliyeanza, "Sikio la kufa..." kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, asije akamtabiria mwanawe.

Vitalis alikwenda, na hakurudi. Zililetwa habari tu. Kaburi lake hatulijui mpaka leo. Msimu wa kusiliba ulipofika tena, mama alipaka ukuta wote, akafika penye picha, akaketi chini akalia, udongo ukimkaukia mkononi. Kisha akainuka akaipaka nayo. Hakuweza kupita mbele yake kila asubuhi.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilimwuliza baba mdogo kwa nini hakumwambia Vitalis kwa mdomo.

"Mwanangu," alisema, "ningesema vita mbaya, wangeniita mwoga. Hata kule Burma sikuogopa namna hiyo."

Niliona ni jibu dogo mno kwa kifo cha kaka yangu. Nilimkasirikia, na hasira hiyo niliishi nayo hata baada ya kumzika.

Nilimwelewa mwishoni mwa miaka ya sabini, siku mwanangu wa kiume alipokuja kuniaga, naye akitaka kwenda vitani. Mimi sijui kuchora. Nilimshika shati mlangoni, majirani wakitazama, nikamwambia asiende, vita vilishanichukulia kaka. Akasema mbele ya watu wote kwamba mama yake ni mwoga, na nautia aibu ukoo mzima. Aibu ikanipanda mpaka masikioni, na hapo ndipo nilipojua baba mdogo alikuwa ameogopa kitu gani. Nikamwambia ndiyo, mimi mwoga, na shati sikuliachia.